Kipakatalishi cha Chuma Hakina Hatia: Ruta Itolewe Kabatini

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nimeikumbuka methali hii mara nyingi muhula huu kwa sababu ya mjadala uliozuka shuleni mwetu. Ulianzia katika chumba cha kompyuta, ukapanda hadi chumba cha walimu, na sasa, ndugu msomaji, unanyemelea mifuko ya wazazi wetu. Swali lenyewe ni hili: je, kipakatalishi chenye gamba la chuma hunasa waifai vibaya kuliko chenye gamba la plastiki?

Huenda ukasema, "Aa, hayo ni maneno ya mafundi, sisi Wanakiswahili yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Jambo linalogusa masomo ya wanafunzi zaidi ya mia tatu halina budi kuwazwa kwa lugha ambayo sote twaielewa, wakiwemo baba na mama zetu watakaoitwa mkutanoni kutoa pesa.

Kwanza nieleze kisa chenyewe. Shule yetu ni ya kutwa, kusini mwa Ukunda, kando ya barabara iendayo Msambweni. Mwaka jana wafadhili walituletea vipakatalishi ishirini vilivyokwisha kutumika. Gamba lake, yaani lile ganda la nje, ni la aluminiamu inayong'aa kama sufuria mpya. Tulivipokea kwa vigelegele. Lakini tangu siku hiyo wanafunzi wanaoketi madawati ya nyuma wamekuwa wakilalamika. Ukurasa mmoja wa mazoezi ya Hisabati hufunguka baada ya muda ambao mtu angemaliza muhogo mzima wa kuchoma na chai juu yake. Kidogo alama ya waifai huonekana, kidogo imepotea.

Bas, usemi ukaanza. Fulani akasema ni gamba la chuma. Mwingine akaongeza kwamba ndugu yake wa Mombasa amesema hivyo hivyo. Kabla ya wiki kwisha lilikuwa limekuwa jambo la hakika. Sasa kuna pendekezo litakalopelekwa kwenye mkutano wa wazazi muhula ujao, kwamba kila mzazi achange shilingi 1,500, vile vya chuma viuzwe, na shule inunue vya plastiki. Mama yangu anapika mahamri na mbaazi. Hamri moja ni shilingi kumi. Shilingi 1,500 ni mahamri mia moja na hamsini, na hapo hujatoa unga, sukari, nazi wala kuni. Nami si peke yangu. Wenzangu wengi baba zao ni wavuvi, ama waendesha bodaboda, ama walinzi katika hoteli za Diani ambao msimu wa wageni ukipungua huambiwa wakapumzike nyumbani.

Kwa hivyo msimamo wangu nautoa wazi. Chuma huzuia mawimbi, hilo sikatai hata kidogo. Lakini gamba la kipakatalishi silo linalotuzuia sisi. Linalotuzuia ni kabati la chuma ambamo ruta ya shule imefungiwa kwa kufuli. Ruta itolewe kabatini, na fedha za wazazi ziachwe zilipo.

Sitaki kuwaonea wanaonipinga, kwa hivyo nitaanza na upande wao. Wana jambo la kweli mkononi, na watu wa pwani hii walilijua kabla kipakatalishi hakijaonekana. Babu yangu, mzaliwa wa Gazi, husimulia jinsi walivyohama kutoka nyumba ya makuti wakajenga ya mabati. Chini ya makuti redio yao ya betri ilisikika popote, hata jikoni. Chini ya mabati ikawa inakoroma kama mtu mwenye mafua. "Mjukuu wangu," huniambia, "siku ya mpira ilibidi tuitoe uani, tuning'inize waya kwenye mnazi, ndipo tumsikie Mambo Mbotela." Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka mwezi wa Februari 2025, alikuwa mtangazaji mashuhuri tangu siku za Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 iligeuzwa kuwa KBC. Sauti yake haikuwa na kasoro, wala redio ya babu haikuwa mbovu. Mabati ndiyo yaliyokuwa katikati.

Hata leo mambo ni yale yale. Mtu akipigiwa simu akiwa ndani ya nyumba ya mabati huko Kinondo au Mwabungo utamwona anatoka mbio mpaka chini ya mwembe huku akipiga kelele, "Haloo! Haloo! Hebu ngoja nitoke nje!" Hakuna aliyemfundisha fizikia. Miguu yake yenyewe yajua.

Kwa nini iwe hivyo? Redio, simu na waifai zote hutumia mawimbi ya sumakuumeme, ambayo ni jamii moja na mwanga wa jua ila macho yetu hayayaoni. Ndani ya chuma chochote, iwe bati, aluminiamu au shaba, mna elektroni zilizo huru kutembea. Wimbi likigonga chuma, elektroni hizo hutikisika, na mtikisiko wao huzaa wimbi jingine linalopingana na lile la kwanza. Matokeo yake wimbi hurudishwa lilikotoka, kama mpira uliopigwa ukutani. Plastiki, mbao kavu na makuti makavu havina elektroni huru za namna hiyo, na kwa hivyo wimbi hupita bila taabu kubwa. Ndiyo maana mvuvi wa Gazi anayefunga simu yake ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe bado hupigiwa akiwa majini.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha nguvu ya chuma mwaka wa 1836. Alijenga chumba, akakifunika kwa karatasi nyembamba za chuma, kisha akakishambulia kwa umeme mkali kutoka nje. Ndani, vyombo vyake havikuonyesha umeme wowote. Mpaka leo chumba au sanduku la chuma linalokinga vilivyomo ndani huitwa kizimba cha Faraday. Naomba msomaji alihifadhi jina hilo, maana nitalirudia nitakapofika kwenye lile kabati letu.

Lakini kuna jambo ambalo wanaosema "chuma ni kibaya" hulisahau, nalo ni matundu. Chuma chenye tundu si sawa na chuma kisicho na tundu, na ukubwa wa tundu ndio hukumu. Katika kidato cha pili tulifundishwa kwamba mwendo wa wimbi ni sawa na idadi ya mitikisiko kwa sekunde mara urefu wa wimbi lenyewe. Mawimbi haya huenda mita 300,000,000 kwa sekunde. Waifai ya kawaida hutikisika mara 2,400,000,000 kwa sekunde. Gawanya, utapata mita 0.125, yaani sentimita 12 na nusu, kama urefu wa penseli iliyokwisha kuchongwa mara kadhaa. Redio ya FM yenye megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Tundu likiwa dogo sana kuliko urefu wa wimbi, wimbi halipenyi. Likiwa kubwa kama wimbi au zaidi, wimbi hujipitia zake.

Mfano mzuri ni jiko la maikrowevu, ambalo waliofanya kazi katika jikoni za hoteli wanalifahamu. Mawimbi yake hutikisika karibu sawasawa na yale ya waifai. Mlango wake una kioo, na kwenye kioo mna wavu wa chuma wenye vitundu vidogo vidogo. Jicho lako laona samaki anavyozunguka ndani, kwa sababu wimbi la mwanga ni dogo mno na linapita. Lakini wimbi la jiko lenye sentimita 12 halitoki, na mpishi hachomeki. Chuma kile kile, tundu lile lile, kwa wimbi moja ni ukuta na kwa jingine ni dirisha.

Sasa tuingie katika vipakatalishi. Usione vyaelea, vimeundwa. Waliovitengeneza walikumbana na tatizo hili kabla yetu. Mwezi wa Januari 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza kipakatalishi kilichoitwa PowerBook G4, chenye gamba la titani. Hapa Kwale jina la titani si geni. Kuanzia mwaka wa 2013 hadi mwisho wa 2024 kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga katika eneo la Msambweni, madini ya ilmeniti na rutili yakasafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Msikimbilie kusema kompyuta ile ilitokana na mchanga wetu. Ilitangulia mgodi wetu kwa miaka kumi na zaidi, na tena sehemu kubwa ya madini ya namna hii duniani hutengenezewa rangi nyeupe ya kupaka, si chuma. Lakini ni vizuri kujua kwamba kitu kilichotolewa katika ardhi ya jirani zetu ni ndugu wa kile kilichowasumbua mabingwa wa Marekani.

Na kiliwasumbua kweli. Wenye PowerBook ile ya titani waligundua kwamba inanasa mtandao usio na waya hafifu kuliko iBook, kipakatalishi cha bei nafuu cha kampuni hiyo hiyo ambacho gamba lake lilikuwa plastiki. Hebu fikiria, tajiri ananunua cha bei ghali kisha mwanafunzi mwenye cha bei rahisi anamshinda! Antena za kile cha titani zilikuwa chini, kwenye ubavu wa mwili wa chuma, zikitazama nje kupitia vijidirisha vidogo vya plastiki. Basi wanaosema gamba la chuma linaweza kudhuru wana ushahidi wa kweli wa kihistoria, nami nauheshimu.

Ila hadithi haikuishia hapo. Mwaka wa 2003 kampuni hiyo ilianza kuacha titani na kutumia aluminiamu. Aluminiamu nayo ni chuma, inazuia vile vile. Kilichobadilika ni mahali pa antena. Zilipandishwa juu, pande za kioo, mahali panapoona mbali. Mwaka wa 2008 ulipotoka muundo mpya uliochongwa kutoka kipande kimoja cha aluminiamu, antena ziliwekwa pale kwenye bawaba, baina ya kioo na kibodi, nyuma ya ukanda mweusi wa plastiki. Gamba lilibaki chuma, lakini dirisha likawa mahali pazuri. Tazama vipakatalishi vyetu ishirini. Ukanda ule mweusi kwenye bawaba upo. Wengi hudhani ni pambo, kumbe ndilo dirisha.

Kuna kisa kingine kinachonifurahisha zaidi. Mwaka wa 2010 ilitoka simu ya iPhone 4, ambayo ukingo wake wote ulikuwa wa chuma. Safari hii chuma hakikuizunguka antena, bali chuma chenyewe ndicho kilichokuwa antena. Watu wakaona kwamba ukiishika kwa namna fulani, kiganja kikagusa pembe ya chini upande wa kushoto, mtandao hupungua. Zikazuka kelele dunia nzima, hata kampuni ikatoa vifuniko vya bure ili mkono usiguse chuma. Kisa hiki chatufunza kwamba chuma si adui wa mawimbi. Chuma ndicho kinachoyanasa! Antena yoyote ni chuma, kuanzia ile ya runinga juu ya paa hadi waya wa babu kwenye mnazi. Cha muhimu ni kwamba kinasio kiwe nje, kisizungukwe.

Haya, tumetoka Marekani, turudi katika chumba chetu cha kompyuta. Ruta ya shule iko ndani ya kabati la chuma, lile la kijivu la kuwekea mafaili, kwenye pembe ya mbele ya chumba. Kabati lina milango miwili ya chuma na kufuli. Ruta imo rafu ya chini, nyuma ya vitabu vya zamani vya usajili. Waya zake zinapita katika kitundu kisichozidi upana wa kidole gumba. Kumbuka hesabu yetu: wimbi ni sentimita 12 na nusu, tundu ni kidole gumba. Sasa niambie, ndugu msomaji, kizimba cha Faraday kiko wapi? Ni kwenye kipakatalishi chenye dirisha, ama ni kwenye kabati lisilo na dirisha?

Sikuridhika na maneno matupu. Tulimwomba mwalimu wetu wa Fizikia, naye, Mungu ambariki, akatuombea ufunguo kwa dakika ishirini baada ya masomo. Tulikuwa wanachama wanne. Tuliweka kwenye dawati la mwisho kipakatalishi kimoja cha shule, cha aluminiamu, na kando yake kipakatalishi cha mwalimu mwenyewe, cha plastiki. Milango ya kabati ikiwa imefungwa, cha chuma kilionyesha alama moja ya mtandao, ikija na kutoweka. Na cha plastiki je? Nacho alama moja! Tukafungua milango tu, bila kugusa kitu kingine. Vyote viwili vikapanda hadi alama tatu. Tukaitoa ruta, tukaiweka juu ya kabati, vikajaa vyote. Tukarudia mara tatu, tukabadilishana mahali, majibu yakawa yale yale.

Nasema kweli yote. Tulipokizungusha kile cha chuma mgongo wake ukaelekea ruta, mara moja kilipungua alama moja, cha plastiki kisipungue. Tofauti ipo, basi, lakini ni ndogo, na mtu akigeuza kipakatalishi chake kidogo inaondoka. Kati ya tofauti inayoondolewa kwa kugeuza kiti na tofauti inayotokana na mlango wa kabati, ni ipi ya kuchangishia wazazi shilingi 1,500?

Mtu atauliza, "Kama kabati ni kizimba, mbona alama moja ilionekana?" Ni swali zuri. Milango ya kabati haibani sawasawa, ina nyufa ndefu juu na chini, na ufa mrefu hupitisha wimbi kiasi hata ukiwa mwembamba. Ndiyo maana mtandao wetu haujafa kabisa. Unapumulia kwenye nyufa.

Najua sababu ya ruta kuwekwa mle, wala siidharau. Ni wizi. Shule za kutwa hazina watu usiku isipokuwa mlinzi, na kifaa kinachouzika hakikosi wa kukitamani. Aliyekiweka kabatini aliwaza kulinda mali ya shule, na hilo ni jema. Lakini mficha uchi hazai. Kitu ambacho kazi yake ni kusema na kusikia ukikifungia mahali kisiposikika hujakilinda, umekinyamazisha. Tena kuna joto. Hapa kwetu mwezi wa Februari hata mtu aliyeketi kivulini hutoka jasho, na ruta nayo hutoa joto lake mwenyewe mchana kutwa. Ndani ya kabati lisilopitisha upepo joto hilo halina pa kwenda, na vifaa vya umeme na joto si marafiki.

Dawa ipo, na si ghali. Ya kwanza ni sanduku la mbao. Mafundi seremala wa Ukunda wanaotengeneza vitanda na milango hawawezi kushindwa na kisanduku chenye kufuli na matundu ya kupitisha upepo, kikapigwa ukutani juu kabisa, karibu na dari. Mbao kavu hupitisha wimbi, na urefu huo humzuia mwenye mkono mrefu. Ya pili, ikiwa lazima kiwe chuma, basi ziwe nondo zilizoachana kama zile za madirisha yetu, si wavu wa banda la kuku ambao vitundu vyake ni vidogo kuliko wimbi. Ya tatu, ikiwa shule haitaki kutumia hata shilingi, ruta iwekwe juu ya kabati asubuhi na irudishwe ndani jioni, na kiongozi wa chumba cha kompyuta atie sahihi. Kazi ya dakika mbili.

Pia napendekeza jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kabla hajalaumu gamba, paa au kampuni ya simu. Peleka kifaa chako hatua mbili tu kutoka kwenye ruta, bila kitu katikati. Mtandao ukienda vizuri hapo na ukafifia ukirudi nyuma, tatizo ni njia ya mawimbi: umbali, kuta au chuma. Ukiwa mbovu hata hapo karibu, tatizo ni laini yenyewe, au bando limekwisha, au watu arubaini wanagombania bomba moja. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na mgonjwa wa tumbo hapewi dawa ya jicho. Nyumbani vilevile, ukikaa chini ya mabati weka simu inayogawa mtandao dirishani badala ya juu ya kabati la vyombo. Hata wale wanaotumia Starlink, iliyoanza kutoa huduma nchini Kenya mwezi wa Julai 2023, huambiwa waweke sahani yake nje mahali panapoona mbingu. Hakuna anayeiweka chini ya kitanda.

Wengine wataniuliza mbona naharakisha, kwani mwaka ujao hautakuja? Kwa darasa letu mwaka ujao ndio mwisho. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, nasi ndio tulioufanya. Sisi ndio kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, na KCSE yetu ni mwaka wa 2027. Wenzetu wa Gredi ya 10 walioingia nyuma yetu wana mtaala wao mpya, nao pia wahitaji chumba hicho hicho. Kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa saa za baada ya masomo ni dhahabu. Wa bweni ana usiku wake, mimi nina mpaka saa kumi na moja jioni tu, kisha nianze safari ya nyumbani ambako hakuna waifai. Pesa za bando zikipatikana hununuliwa mafuta ya kupikia kwanza. Kila dakika tunayoketi tukitazama kiduara kinazunguka kwenye kioo ni dakika ambayo mtahiniwa wa shule nyingine ameshatatua swali.

Hebu tufikirie safari ya neno moja mpaka lifike kwetu. Mtandao wa ng'ambo hufika pwani yetu kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa TEAMS, uliofika Mombasa mwaka wa 2009, unatoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, zaidi ya kilomita 4,000, njia ile ile ya bahari ambayo majahazi ya mababu zetu yalisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Neno huvuka bahari yote hiyo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Likivuka Likoni, likapita Tiwi, likafika Ukunda, likaingia lango la shule yetu, halafu lishindwe hatua kumi kutoka kwa mwanafunzi kwa sababu ya mlango wa kabati! Jamani, hata jahazi halizami likiwa limeshatia nanga.

Kwa heshima zote, basi, nawaomba Mwalimu Mkuu, Halmashauri ya Shule na wazazi wetu mambo matatu. Mosi, ruta itolewe kabatini wiki hii, kwa njia yoyote kati ya hizo tatu nilizozitaja. Pili, vipakatalishi vya aluminiamu visiuzwe. Ni vizima, na chuma chake ndicho kitakachovifanya vidumu mikononi mwa wanafunzi wanaoviangusha. Tatu, pendekezo la shilingi 1,500 lisifikishwe mkutanoni mpaka ruta ikae nje kwa mwezi mmoja na majibu yaandikwe ubaoni, kila mtu ayaone. Ikiwa baada ya mwezi huo madawati ya nyuma bado yanalia, tuketi tena tulijadili gamba.

Mwenye hoja tofauti ana ukumbi katika toleo lijalo la gazeti hili, na nitaisoma kwa moyo mkunjufu. Ila aje na kipakatalishi chake cha plastiki, na aje pia na ufunguo wa kabati.